Lori likivuka Tunduma: niliyojifunza kuhusu SMS za nje ya nchi

Kazi yangu ni kujua lori liko wapi na dereva wake anahitaji nini. Kampuni inabeba mizigo ya Kongo kupitia Zambia: tunapeleka salfa na vifaa vya migodini, tunarudi na shaba. Nakaa ofisini Tabata, Dar es Salaam, na simu mbili mezani. Lori likiwa Mikumi, Iringa au Makambako, kuwasiliana na dereva ni bei ya kawaida na hakuna anayewaza gharama. Likivuka Tunduma kuingia Nakonde, dereva ni yule yule na maneno ni yale yale, ila salio linaanza kuyeyuka. Mhasibu wetu, mama asiyesahau hata shilingi, alikuwa na kawaida ya kuja na karatasi zake kila mwisho wa mwezi na kuniuliza, "Dada, hizi vocha mnazinywa?"

Ushauri anaoutoa kila mtu ni kuhamia WhatsApp. Tunaitumia, tena sana. Picha za nyaraka, mahali lori lilipoharibikia, sauti za madereva wakilalamikia foleni, vyote vinapita huko. Lakini anayedhani WhatsApp imeua SMS hajawahi kumsubiri dereva aliye njiani kutoka Nakonde kwenda Kapiri Mposhi. Kuna vipande vya barabara ile ambavyo simu haishiki kitu. Kuna dereva ambaye bando lilimwishia asubuhi na hatanunua jingine mpaka alale mahali penye duka. Kuna wazee wetu wa kitochi, ambao ukiwatajia simu janja wanakuuliza kama ina tochi nzuri kuliko ya kwao. SMS haimdai mpokeaji bando, na simu yake ikiwa imezimwa, mtambo wa mtandao unaushikilia ujumbe na kujaribu tena mpaka simu iwake au muda wa kuuhifadhi uishe. Ninapotaka dereva ajue kwamba mzigo usishushwe pale alipoelekezwa mwanzo, siwezi kukaa nikiomba Mungu awe amewasha data. SMS imebaki mezani kwangu, basi ikabidi nijue inakatwaje.

Nilianza kwa kuwauliza madereva wenyewe, maana wao ndio wanaoumia. Kila mmoja alikuwa na nadharia yake. Mmoja aliniapia kwamba ukiandika namba kwa kuanza na alama ya kujumlisha, mtandao unakuhesabia umetuma nje hata kama mwenzako yuko Mbagala. Mwingine alisema usiku ni nafuu. Wa tatu alisema ujumbe ukiwa mfupi unapita bure, na huyu, kama nitakavyoeleza, hakuwa mbali sana na ukweli.

Kitu kilichonifungua macho ni hiki: bei ya SMS haimwangalii mpokeaji kasimama wapi. Inaangalia laini inayotuma, mahali laini hiyo ilipo wakati huo, na namba inayotumiwa ni ya nchi gani. Basi. Dereva wetu akiwa Ndola na laini yake ya Tanzania imo ndani ya simu, mimi nikamtumia SMS kutoka Tabata kwenye namba yake ya 255, nimetuma SMS ya ndani ya nchi. Inatoka kwenye kifurushi changu cha kawaida, kana kwamba jamaa yuko Kimara. Yeye kuisoma huko aliko, kwa mitandao mingi, hakatwi chochote. Simu ya kuongea ni habari nyingine kabisa: akipokea simu akiwa nje kwa laini ya nyumbani, anakatwa yeye aliyepokea. Ofisini walikuwa wanafanya kinyume. Walimpigia dereva laini ya Tanzania wakidhani wanamsaidia, halafu SMS wakazituma kwenye namba yake ya Zambia kwa sababu "si yuko Zambia?" Kwa mtindo huo gharama inawapiga wote wawili, mpigaji na mpigiwa.

Kwa hiyo sheria ya meza yangu ikawa kwamba maagizo yote yanakwenda kwenye namba ya Tanzania kwa SMS, na laini hiyo isitolewe kwenye simu hata dereva akae Lubumbashi mwezi mzima. Wengi walikuwa wanaitoa wakifika Nakonde, wanaifunga kwenye karatasi na kuiweka kwenye pochi, kisha wanachomeka ya Zambia. Simu nyingi za siku hizi zina nafasi mbili. Ya nyumbani ikae ya kupokea tu, ya Zambia iwe ya kutuma na ya bando. Faida nyingine wameiona wenyewe: ujumbe wa benki na wa pesa za simu unaendelea kuingia, na mke akituma neno nyumbani halipotei.

Tatizo lipo kwenye majibu. Madereva wetu ni watu wenye adabu. Ukimpa mtu maagizo atakujibu "Sawa dada", baada ya dakika mbili "Nimekuelewa", halafu "Mungu akubariki na familia". Adabu hiyo ikitoka kwenye laini ya Tanzania iliyoko Zambia, kila ujumbe unalipiwa kwa bei ya romingi, yaani bei ya laini inayotumika nje ya nchi yake. Na hapa simu janja zina ujanja wao. Hata ukichagua kwenye mipangilio kwamba SMS zitoke kwa laini ya Zambia, ukijibu ndani ya mazungumzo yale yale simu nyingi zinatumia laini iliyopokea ujumbe. Mtu anaapa kwamba amechagua laini sahihi, na ni kweli amechagua, ila salio la nyumbani limekwenda. Dawa yake ni kuiambia simu iulize kila mara laini gani itumike, kisha kutazama kabla ya kubonyeza. Pale karibu na alama ya kutuma, simu nyingi huonyesha namba 1 au 2, au jina la laini. Kijinamba hicho kidogo ndicho cha kuangalia.

Kwa wenye kitochi tulirudi kwenye kubip, na sioni aibu. Akisoma ujumbe wangu, ananibip mara moja kwa laini ya Zambia: amepata. Bip mbili zinazofuatana ni kwamba anataka nimpigie, na hapo nampigia namba ya Zambia, si ya nyumbani, ili asikatwe kupokea. Makubaliano haya yanataka nidhamu ya upande wangu. Tulipata binti wa mafunzo kazini, mchangamfu sana, ambaye kila simu ikiita alikuwa ameshaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza: "Haloo, habari ya asubuhi!" Kule Serenje kwacha za mtu zinakatika, naye anasema tu "Dada nilikuwa nabip, dada nilikuwa nabip!" Tulimhamishia kwenye meza ya bima. Anafanya vizuri.

Mpaka wenyewe unahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu hapo watu wanakatwa bila kutoka Tanzania. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliopigwa mstari katikati. Dereva amelala gesti upande wetu, foleni haijasogea, na simu yake ikitafuta mnara wenye nguvu inaukuta wa Zambia. Haimwombi ruhusa. Anaingiwa na ujumbe wa kukaribishwa Zambia akiwa kitandani Tunduma, hausomi, anamwandikia mkewe "nipo salama, watoto wameshalala?" na kutuma kwa bei ya mtu aliye nje ya nchi. Mawasiliano ya redio hayana habari na geti la uhamiaji. Wenzetu wa njia ya Rusumo wanalijua hili, na wa Namanga pia.

Ishara zipo ukiamua kuzitafuta. Jina la mtandao juu ya kioo linabadilika, na kwenye simu nyingi herufi R inajitokeza kando ya vile vistari vya mtandao. Nimewafundisha madereva waingie kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, wazime ile sehemu ya kujichagulia mtandao yenyewe, wauchague wao mtandao wa nyumbani kwa mkono, tangu wanapoingia Tunduma. Simu ikikosa mnara wa kwetu itabaki bila mtandao, lakini haitavuka mpaka kabla ya mwenyewe. Cha kukumbuka ni kuirudisha wakishavuka kweli, la sivyo laini inakuwa bubu na mimi naanza kupiga simu kwa mawakala wetu wa mizigo kule mpakani nikidhani mtu ametekwa. Imetokea.

Sasa nirudi kwa yule aliyesema ujumbe mfupi unapita bure. Haupiti bure, ila urefu ndio mahali ambapo pesa nyingi ilikuwa inavujia, na mhasibu asingeweza kuiona hata angevaa miwani miwili.

SMS moja ina nafasi ya baiti 140. Ukiandika kwa herufi za kawaida, nafasi hiyo inatosha herufi 160, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Ukizidisha hapo, simu inaukata ujumbe vipande, na kila kipande kinabeba herufi 153 kwa sababu sehemu kidogo inatumika kuunganisha vipande upande wa pili. Mpokeaji anauona ujumbe mmoja. Mtandao unahesabu vipande na kutoza kila kimoja. Hapo bado ni afadhali. Ukiweka alama moja tu isiyokuwemo kwenye orodha ya zamani ya herufi za simu, tuseme kikatuni cha mikono inayoomba, simu inabadilisha mfumo wa kuandika ujumbe wote, si ile alama peke yake, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi 70, vipande vinakuwa vya 67.

Huu hapa ni ujumbe wa aina niliyokuwa naiona ikitoka ofisini kwetu kila siku:

"Habari za asubuhi kaka, natumaini umeamka salama. Wakala wa Nakonde anasema nyaraka zako zimeshapita, nenda dirishani ukachukue karatasi, ukitoka unijulishe."

Hesabu. Ni herufi 157. Unaingia kwenye SMS moja, umebakiza nafasi tatu. Sasa ongeza mwishoni nafasi moja na kile kikatuni cha mikono ya kuomba. Umegeuka SMS tatu. Tuma kwa namba ya Zambia, umelipa bei ya kimataifa mara tatu kwa ajili ya mikono miwili. Utume ujumbe huo kwa madereva kumi walio kwenye foleni moja, halafu mwite mhasibu aone kama atacheka.

Mimi siku hizi naandika hivi: "Nyaraka zimepita. Chukua karatasi dirishani Nakonde. Ukitoka bip." Mwanzoni madereva walinuna. Mmoja aliuliza kwa nini dada amekasirika. Nikawaeleza kwamba salamu tutapeana wakirudi, tukiwa na chai. Inasemekana SMS ya kwanza duniani, iliyotumwa na mhandisi Neil Papworth huko Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ilikuwa na maneno mawili tu ya kutakiana Krismasi njema. Madereva wangu wangemuuliza mbona hajulii hali ya nyumbani.

Kuna mtego mwingine ambao unatuhusu sisi hasa tunaoandika Kiswahili. Ile alama ya juu kwenye ng'ambo, king'amuzi, ng'ombe. Iliyo wima, ya kizamani, imo kwenye orodha ya herufi za simu na haina shida. Lakini baadhi ya simu, na iPhone ni mojawapo, zinairembesha zenyewe ikawa imepinda kama mkia wa koma. Iliyopinda haimo. Basi neno moja lenye ng' linaweza kukushusha kutoka 160 hadi 70 bila kikatuni chochote. Tuliligundua kwenye mzigo wa ving'amuzi: kila ujumbe unaohusu mzigo ule ulikuwa ghali kuliko wa mzigo wa salfa, na hakuna aliyejua sababu. Kwenye mipangilio ya kibodi kuna mahali pa kuzima urembo huo wa alama. Na jihadhari unaponakili maneno kutoka WhatsApp, barua pepe au kwenye kompyuta ukayabandika kwenye SMS, kwa maana yanakuja na alama zake za kufungulia na kufungia usemi zilizopinda.

Kwa upande wa Kongo ni Kifaransa. Wakala wetu wa Kasumbalesa anaongea Kiswahili cha Katanga, ila majina ya karatasi zake yote ni ya Kifaransa, na ukitaka kumwandikia kwa usahihi unajikuta na reçu na dépôt. Herufi é na è zimo kwenye orodha ya zamani, lakini ç ndogo na ô hazimo. Kwa SMS mimi naandika recu na depot bila mapambo. Mwalimu wa Kifaransa angenichapa, ila wakala anaelewa.

Programu nyingi za SMS zinaonyesha kijihesabu pembeni ya sehemu ya kuandikia, kwa mfano 23/2, yaani umebakiza herufi 23 na ujumbe umeshakuwa wa vipande viwili. Kwenye nyingine hakitokei mpaka ukaribie mwisho wa nafasi, na kwenye nyingine lazima ukiwashe mwenyewe. Kitazame. Ukiona namba ya kulia imeruka ghafla kutoka 1 hadi 3, futa alama ya mwisho uliyoiweka.

Bosi wetu yeye ana iPhone, na mshirika wake wa biashara aliyeko Lusaka pia ana iPhone, kwa hiyo wanaandikiana kwenye mapovu ya bluu yanayopita kwenye intaneti na kujiona wamemaliza. Hawajamaliza. Intaneti ya mmoja ikiyumba, simu inaweza kuamua kuutuma ujumbe kama SMS ya kawaida, povu linakuwa la kijani, na la kijani kwenda Zambia linalipiwa. Kuna swichi kwenye mipangilio ya ujumbe inayoruhusu jambo hilo. Ukiizima, ujumbe utasubiri intaneti irudi. Simu za Android zenye ule mfumo mpya wa kuchati ndani ya programu ya SMS nazo zina swichi ya namna hiyo, ya kutuma upya kwa SMS intaneti ikikosekana. Mimi nimezima kwenye simu zote za ofisi. Na iPhone ikibadilishiwa laini, inaweza kutuma yenyewe SMS ya kujisajili kwenye huduma ile ya mapovu ya bluu, mara nyingi kwa namba ya Uingereza, +44, na mtandao unaweza kuitoza kama ya kimataifa. Bosi alipoiona kwenye orodha ya matumizi aliita kikao. Nilimweleza, akatulia, ila tangu hapo kila akitoa laini ananiuliza kwanza.

Picha zisitumwe kwa SMS kabisa. Ukiambatisha picha ya karatasi ya mizani kwenye programu ya SMS, au ukaunda kundi la wapokeaji humo humo, simu inaweza kuigeuza MMS, yaani ujumbe wa picha, ambayo ina bei yake, na kuvuka mpaka mara nyingi haifiki.

Majina kwenye simu yahifadhiwe kwa namba kamili: +255, +260, +243. Dereva aliyehifadhi namba yangu kwa kuanza na 07, akaiandikia ujumbe kwa laini ya Zambia, mtandao wa kule utaitafuta kama namba ya Zambia. Ama ujumbe unagoma, ama unamfikia mtu mwingine kabisa ambaye sasa anajua lori letu limeharibika Mpika. Na ile imani kwamba alama ya kujumlisha inaongeza bei si kweli. Ukiwa Dar na laini ya Dar ukamwandikia +255, mtandao unajua ni nyumbani. Angalia pia 242 na 243. Ya kwanza ni Kongo ya Brazzaville, sisi hatuna lori huko. Namba ngeni ya nje inayokubip mara moja usiku na kukata usiipigie wala kuijibu. Kuna matapeli wanaoishi kwa namba za bei ya juu zinazowapa mgao wa salio lako. Kwenye kazi ya kubipiana kama yetu hili ni gumu kidogo, ndiyo maana kila namba ya dereva na wakala nimeihifadhi kwa jina kabla hajaondoka.

Mbinu inayonipendeza kuliko zote sikufundishwa na mtaalamu wa mawasiliano, nilifundishwa na mhasibu yule yule. Vifurushi vya kawaida vya SMS havihusu namba za nje. Ukiituma SMS ya kimataifa ukiwa na kifurushi kimejaa, kifurushi hakiguswi. Inakatwa kwenye salio la kawaida, kimya kimya. Yeye akasema: basi msiweke salio la kawaida. Sasa simu ya maagizo inanunuliwa kifurushi tu na salio linabaki karibu na sifuri. Mtu akijisahau akatuma kwa namba ya Zambia, ujumbe unagoma na kosa linaonekana papo hapo, badala ya kuonekana tarehe 30. Simu ya pili ndiyo yenye salio, na hiyo ninaishika mimi. Ukifanya hivi, usiikubalie simu hiyo huduma ya kukopeshwa salio.

WhatsApp ina neno lake moja tu hapa. Dereva akiweka laini ya Zambia, programu inaweza kumuuliza kama anataka kubadili namba. Akatae. Akaunti inaendelea na namba ya Tanzania huku bando likiwa la Zambia, na makundi yetu hayachafuki. Ila simu ikiibiwa au programu ikifutwa, msimbo wa kuthibitisha unakuja kwenye laini ya Tanzania. Sababu nyingine ya kutoizika kwenye pochi.

Kuna wazee wa barabarani ambao hawanielewi ninapowaambia haya yote. Wanakumbuka mwaka 2006, Celtel ilipoanzisha One Network na mtu akawa anatoka Tanzania kwenda Kenya na Uganda na laini yake kama yuko kwao. Ilikuwa kweli. Celtel imeshakuwa Zain, Zain imeshakuwa Airtel, na dereva bado anaendesha kwa ofa ile. Ofa za mipakani zina ramani yake na umri wake. Binamu yangu anayeishi Ujerumani alinitambia kwamba Ulaya romingi imekwisha, na yuko sahihi kwa kiasi: tangu Juni 2017 anatembea nchi za Umoja wa Ulaya kwa bei ya nyumbani, na tangu Mei 2019 SMS ya kutoka nchi moja ya umoja huo kwenda nyingine haizidi senti 6 za yuro kabla ya kodi. Akaenda Uswisi kwa harusi. Uswisi haimo. Na hizo senti 6 hazijawahi kufika Tanga kwa mama yake. Kabla lori halijaondoka, naangalia bei za mwezi huo kwenye menyu ya mtandao wenyewe, si kwenye kumbukumbu za mtu.

Wakala wa Kasumbalesa pekee ndiye ninayemtumia SMS za kulipia mpaka leo. Hana laini ya Tanzania, umeme kwake ni wa mgao, na simu janja yake inashinda imezimika. Kitochi chake ndicho kisicholala. Ninamtumia kwa ile simu ya pili, herufi zisizozidi 160, bila ç na bila mikono ya kuomba: namba ya lori, jina la dereva, namba ya nyaraka, siku ya kufika. Mhasibu ameiwekea mstari wake kwenye bajeti na haiulizii.